Kipimo cha upendeleo fiche cha Project Implicit: mapitio kwa watumiaji wa Kisumu

Kipimo cha Project Implicit ni cha bure, kinachukua kama dakika kumi, na unaweza kukifanya kama mgeni bila kuandika jina wala barua pepe. Kiko kwenye implicit.harvard.edu. Kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi akili inavyounganisha mambo kabla mwenyewe hajaamua lolote, kinastahili nyota nne kati ya tano. Kwa anayetaka kujua kama yeye, au mfanyakazi wake, ni mbaguzi, tunakipa nyota moja, tena kwa kukihurumia. Pengo hilo si dogo, maana hapa Kisumu wengi hukutana na kipimo hiki kwenye semina za kazini, na kinachonadiwa huko mara nyingi ni ile sehemu ya nyota moja.

Project Implicit ilianzishwa 1998 na wanasaikolojia watatu: Anthony Greenwald, Mahzarin Banaji na Brian Nosek. Wazo lenyewe ni jepesi. Mambo mawili yakiwa yamezoeana kichwani mwako, kuyaweka pamoja ni chapuchapu. Yasipozoeana, kidole kinasita. Kusita huko hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Huulizwi kama unawapenda akina fulani, kwa hiyo hupati nafasi ya kutoa lile jibu la heshima ambalo kila mtu analo tayari mdomoni.

Kinavyokwenda

Chukua kipimo cha Jinsia na Kazi, ambacho ndicho tungependekeza uanze nacho. Katikati ya skrini yanatokea maneno, moja baada ya jingine. Juu kushoto na juu kulia yameandikwa majina ya makundi. Kidole cha kushoto kinakaa kwenye E, cha kulia kwenye I. Duru ya kwanza ni majina ya watu tu, ya kiume upande mmoja na ya kike upande wa pili: Ben, Daniel, Julia, Anna na wenzao. Duru ya pili ni maneno ya kazi dhidi ya maneno ya familia: ofisi, mshahara, harusi, watoto, yote kwa Kiingereza. Hizi mbili ni za kuzoeza vidole, maneno 20 kila moja. Duru ya tatu na ya nne makundi yanaungana. Tuseme wanaume na kazi wako kushoto, wanawake na familia kulia. Maneno 20, kisha 40. Duru ya tano wanaume na wanawake wanabadilishana pande. Ya sita na ya saba makundi yanaungana upya, safari hii wanawake pamoja na kazi kushoto, wanaume pamoja na familia kulia. Tena 20, kisha 40.

Hapo kwenye duru ya sita ndipo watu huguna. Limepita neno la ofisi, umebonyeza kushoto sawasawa. Linatokea jina Daniel. Kidole cha kushoto kimeshaanza kushuka kabla hujamaliza kulisoma, na alama nyekundu ya X inajitokeza chini ya jina. Haiondoki mpaka ubonyeze upande ulio sahihi. Saa haikusimama muda wote huo: inahesabu tangu jina lilipotokea hadi ulipojirekebisha, kwa hiyo kosa tayari limejitoza faini yake ndani ya hesabu.

Si kila mtu huanza na mpangilio uleule. Kompyuta huwagawa watu, kwa kuwa mpangilio unaotangulia huelekea kuwa mwepesi kidogo kuliko unaoufuata. Kwa sababu hiyo pia duru ya tano huwa inarefushwa, vidole vipate muda wa kusahau pande za zamani. Ukiona duru hiyo ni ndefu na ya kuchosha, usiikimbie.

Mwishoni unapata sentensi moja inayosema una upendeleo mdogo, wa wastani au mkubwa, au kwamba hakuna wa kutajika. Nyuma ya sentensi hiyo kuna namba iitwayo alama D, ambayo ukurasa haukuonyeshi, na ni vizuri ujue inavyopatikana. Wastani wa muda wako kwenye mpangilio mmoja hutolewa kwenye wastani wa mpangilio mwingine, kisha tofauti hiyo hugawanywa kwa mkengeuko sanifu wa majibu yako, yaani kiasi ambacho kasi yako ilikuwa ikipanda na kushuka. Tuseme mpangilio uliouzoea ulikuchukua wastani wa milisekunde 720 na ule wa pili 850. Tofauti ni 130. Mkengeuko ukiwa 280, D yako ni 0.46. Kuanzia 0.15 upendeleo huitwa mdogo, kuanzia 0.35 wa wastani, kuanzia 0.65 mkubwa. Wewe basi ni wa wastani. (Kwa kweli hesabu hufanywa mara mbili, ya duru fupi na ya duru ndefu, kisha wastani wake ndio hutumika, lakini mwendo ni huo.) Jibu lililozidi sekunde 10 hutupwa. Ukijibu zaidi ya asilimia 10 ya maneno chini ya milisekunde 300, hupewi matokeo, maana kwa kasi hiyo hakuna aliyesoma neno.

Sasa badilisha jambo moja tu: kelele. Tofauti ni ileile 130, ila ulikuwa ukigeuka kila boda ikipiga honi mlangoni, na mkengeuko umepanda hadi 400. D inakuwa 0.33. Umeshuka daraja, kutoka wastani hadi mdogo, na moyoni mwako hakuna kilichobadilika.

Ukikifanyia saiba, au kwa simu

Kwenye saiba za katikati ya mji, kabla ya kufungua ukurasa fungua sehemu yoyote ya kuandikia na ubonyeze E na I mara kumi kumi. E ndiyo herufi inayotumika kuliko zote kwa Kiingereza, na kwenye kibodi iliyokula miaka huwa miongoni mwa zinazotangulia kukwama. Kibonyezo kinachokwama huongeza makosa na kutanua mkengeuko. Omba kompyuta iliyo mbali na mlango na printa. Kama unavaa miwani ya kusomea, ivae.

Simu inafaa, pengine hata kuliko kompyuta mbovu. Unagusa upande wa kushoto au wa kulia wa skrini kwa vidole gumba. Ishike kwa mikono miwili, na uzime arifa: ujumbe wa M-Pesa ukishuka juu ya skrini katikati ya duru ya saba, umekula nusu sekunde yako. Faida nyingine ya simu ni kwamba stima ikipotea huanzi upya.

Lugha ni kikwazo halisi. Mtu anayesoma Kiingereza polepole atachelewa kwenye mipangilio yote miwili, na kule kugawanya kwa mkengeuko kunapunguza madhara. Tatizo ni neno ambalo hulijui kabisa, au kundi ambalo hujawahi kulifikiria kama kundi. Kipimo cha Jinsia na Sayansi kinakutaka ujue kwamba fasihi, falsafa, muziki na historia ni boma moja linalokaa mkabala na fizikia na kemia. Aliyepita shule zetu anazijua hizo zote kama masomo, si kama kambi mbili, na kusita kwake huenda kukawa kwa sababu hiyo wala si kwa sababu ya wanawake. Watafiti waliofanya kazi ya aina hii Kananga, Kongo, na kuichapisha 2015, waliliepuka tatizo kwa kutumia sauti na tableti ya kugusa badala ya maandishi. Tovuti hii haikupi njia hiyo.

Kuhusu kipi ufanye: Jinsia na Kazi kinasafiri vizuri, kwa kuwa majina yake ni yale ya ubatizo ambayo hata Nyalenda na Kakamega yamejaa. Cha rangi ya ngozi kina uzito wa pekee katika mji ambao mkorogo unauzika, kwani hapo unapimwa pia jinsi unavyojitazama kwenye kioo, si jinsi unavyomtazama mwenzako tu. Cha umri kinatumia nyuso za wazee na vijana wa kizungu. Kinafundisha, lakini usidhani kimepima unavyomwona nyanya yako. Vinavyohusu siasa na historia ya Marekani viruke.

Kabla hujaanza chochote, andika kwenye karatasi unatabiri utapata nini. Hiyo karatasi ina kazi baadaye.

Kinapokwama

Udhaifu wa kwanza ni uthabiti. Mtu yuleyule akirudia baada ya siku au wiki kadhaa, uhusiano kati ya alama ya kwanza na ya pili ni kama 0.5 (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kwenda pamoja bila kupishana). Kwa utafiti wa maelfu ya watu hiyo inatosha, kwa kuwa makosa ya huyu na yule yanafutana. Kwa mtu mmoja haitoshi. Mizani ya soko la Kibuye inayosoma kilo mbili leo na kilo moja unusu kesho kwa mahindi yaleyale hakuna ambaye angeikubali, na hapa watu wanaitumia kupima tabia. Kurudia rudia nako hakusaidii sana: anayekizoea kipimo alama yake huelekea kushuka kwa mazoea tu.

Wa pili ni maana ya alama. Kipimo kinaona kwamba mawili yameungana kichwani. Hakiwezi kuona kama unayakubali. Mtu aliyekulia mahali ambapo mwalimu mkuu, chifu na daktari wote walikuwa wanaume atakuwa mwepesi wa kuunganisha wanaume na kazi hata kama ndiye anayepigania wasichana wasome uhandisi. Anajua dunia ilivyo. Wengine husema hicho ndicho upendeleo fiche wenyewe, wengine husema ni kumbukumbu tu. Kwa maoni yetu kipimo hakiwezi kuamua ugomvi huo, na mwezeshaji anayekwambia kimeuamua anakupotosha.

Wa tatu ndio mzito zaidi: alama inatabiri matendo kwa kiasi gani? Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2009, ambao Greenwald mwenyewe aliuongoza, ulipata uhusiano wa kama 0.27. Wa 2013, uliofanywa na wakosoaji kuhusu ubaguzi wa rangi na kabila, ulipata kama 0.15. Zidisha kila namba kwa yenyewe uone inaeleza sehemu gani ya tofauti za matendo kati ya watu: ya kwanza kama asilimia 7, ya pili kama asilimia 2. Kilichobaki kinaelezwa na mambo mengine.

Tena, kinaweza kudanganywa. Anayejua kinavyofanya kazi anajichelewesha kidogo kwenye mpangilio alioupata rahisi, na D inashuka. Wewe uliyesoma mpaka hapa tayari unajua. Wenye kipimo wenyewe wanaonya kisitumike kumwamulia mtu jambo kubwa. Mwajiri anayekiweka kwenye usaili ili kuwachuja wabaguzi anawachuja wasiojua mbinu.

Hayo yasikufanye uone kwamba upendeleo wenyewe ni hadithi. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya barua za kuomba kazi zilizotumwa kwa waajiri wa Chicago na Boston, wasifu wa aina moja, zikitofautiana kwa jina. Majina yanayosikika ya kizungu yaliitwa kwa asilimia 9.65, yale yanayosikika ya Wamarekani weusi kwa asilimia 6.45. Hakuna aliyepimwa milisekunde. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa jina linavyobeba nyumbani kwa mtu: Otieno, Wafula, Moraa na Kipchoge wakiweka barua mezani, msomaji ameshajua mengi ambayo tangazo la kazi halikuuliza.

Unavyojiona mwenyewe

Sehemu hii kipimo kinaifanya vizuri kuliko zote, na ndiyo iliyokipatia nyota nne. Mwaka 2002 Emily Pronin, Daniel Lin na Lee Ross walionyesha kwamba watu hutambua upesi mielekeo inayopotosha fikira za wengine, na hapohapo hujiona wao wenyewe wameathirika kidogo kuliko watu wa kawaida. Kusomewa maelezo ya mielekeo hiyo hakuondoi kinga hiyo ya kujipa. Ndiyo maana mhadhara pekee hausaidii: kila aliye ukumbini anamfikiria jirani yake. Kidole kinachoteleza kwenye jina la Daniel ni chako, si cha jirani.

Ile karatasi yako ya utabiri sasa. Jina la "upendeleo usiotambulika" linadokeza kwamba huwezi kujua ulicho nacho mpaka mashine ikwambie. Adam Hahn na wenzake, 2014, waliwaomba watu watabiri matokeo yao kabla ya kupimwa, na wakapata kwamba wanatabiri vizuri ajabu. Kwa hiyo ukilinganisha karatasi na skrini ukakuta vinalingana, usishangae. Kinachofichika kwa mtu mara nyingi si kwamba mwelekeo upo. Kinachofichika ni wakati gani mwelekeo huo umefanya kazi, na umegusa nini.

Jaribio la kale linalolionyesha hili vizuri lilifanywa na Richard Nisbett na Timothy Wilson, likachapishwa 1977. Wanafunzi wa chuo waliangalia video ya mhadhiri anayezungumza Kiingereza kwa lafudhi ya kigeni. Kundi moja lilimwona akijibu maswali kwa uchangamfu, jingine likamwona mtu yuleyule akijibu kwa ubaridi. Walioona uchangamfu walisema sura yake, mwenendo wake na lafudhi yake vinapendeza. Walioona ubaridi walisema vinaudhi. Lafudhi ilikuwa ileile. Walipoulizwa, walikana kwamba kumpenda au kutompenda kuliathiri hukumu yao juu ya lafudhi. Wale wa ubaridi waliligeuza kabisa, wakadai kwamba lafudhi na sura ndizo zilizowafanya wasimpende.

Hamisha hilo hadi chumba cha usaili hapa kwetu, mahali ambapo neno kubwa ni "anajieleza vizuri". Neno hilo hubeba lafudhi ya Kiingereza, shule aliyosoma, kimo, koti, na kama alicheka kwa utani wa mwenyekiti. Anayelitamka anaamini kabisa ameongelea uwezo.

Ambacho hakipo

Wengi wanaofungua tovuti hii kutoka upande huu wa nchi wanatafuta kipimo cha kabila. Hawatakipata: hakuna cha Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wakalenjin wala Wakikuyu. Ni pungufu kubwa kwa mtumiaji wa Kisumu, ingawa huenda ni heri; fikiria skrini zinavyopigwa picha na kusambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp mwezi mmoja kabla ya uchaguzi.

Kuna kazi moja ya Kenya ambayo kila mwandaaji wa semina angepaswa kuijua. Watafiti wakiwemo Edward Miguel na Daniel Posner waliwashirikisha watu 1,300 Nairobi kwenye michezo ya kugawana pesa, mara nyingine karibu na uchaguzi na mara nyingine mbali nao, pamoja na kipimo cha aina hii kilichoundwa kwa ajili ya kabila. Ilichapishwa 2020. Kwenye michezo hiyo hawakuona ila dalili chache sana za watu kupendelea wa kabila lao. Haimaanishi ukabila haupo kwenye ajira au siasa. Inamaanisha chanzo chake huenda si chuki iliyojificha kwa kila mwananchi, bali jinsi nafasi zinavyotangazwa, nani anampigia nani simu, na nani anakaa mezani. Ukiamini hivyo, kuwapima watu 40 vidole vyao ni kutafuta sindano chumba kisicho chake.

Kama ofisi yako inataka kununua semina

Semina ya saa tatu yenye kipimo, mjadala na cheti ina mvuto wake: haimgusi mtu cheo, na chai ya saa nne ipo. Ushahidi wa kwamba inabadilisha matendo ni hafifu. Calvin Lai na wenzake, 2016, walijaribu mbinu tisa kwa zaidi ya watu 6,000 wa vyuo 18. Zote zilishusha alama papo hapo, na hakuna iliyodumu zaidi ya saa kadhaa hadi siku kadhaa. Uchambuzi wa Patrick Forscher na wenzake, 2019, wa tafiti 492, ulipata kwamba alama zinaweza kusogezwa, ila kusogea kwake hakuendi pamoja na kubadilika kwa matendo. Mei 2018 Starbucks, kampuni ya kuuza kahawa, ilifunga maduka yake kama 8,000 Marekani kwa mchana mmoja wa mafunzo ya namna hii. Desemba 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza kuyaondoa kwenye utumishi wake wa umma.

Mwezeshaji akileta bei, muulize swali moja: baada ya miezi mitatu atapima nini? Akisema atarudia kipimo, okoa pesa. Akisema atahesabu nani waliitwa, nani waliajiriwa, na alama za jopo zilivyotawanyika, mkaribishe kiti.

Kwa bajeti hiyohiyo tungenunua karatasi na asubuhi moja ya kazi. Usaili wenye mpangilio, yaani maswali yaleyale kwa wote na vigezo vilivyoandikwa mapema, hutabiri utendaji kazini kwa uhusiano wa kama 0.42, kwa mujibu wa uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake wa 2022; usaili wa kuzungumza tu, 0.19. Hakuna kipimo cha milisekunde kinachokaribia hapo.

Jopo la watu watatu na maswali sita linatosha. Kila swali lina kipimo cha 1 hadi 5, na 1, 3 na 5 vimeandikiwa mfano wa jibu. Kwa msimamizi wa duka, kwa mfano: "Umefungua asubuhi, hesabu ya jana imepungua shilingi 3,000. Utafanya nini, hatua kwa hatua?" Anayesema atafidia kimyakimya au atamkata mwenzake anapata 1. Anayehesabu upya na kumwarifu mkubwa wake, 3. Anayehesabu upya, akalinganisha risiti na ujumbe wa M-Pesa, akaandika alichokuta na kuripoti siku hiyohiyo, 5. Alama inaandikwa papo hapo baada ya kila jibu, kwa kalamu ya wino, kila mtu peke yake. Karatasi zinakusanywa kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Mwenyekiti anazungumza mwisho, maana akitangulia kusema "huyu kijana yuko sawa", wenzake wawili wameshamaliza kazi. Alama zikipishana kwa 2 au zaidi, kila upande unataja maneno aliyoyasema mwombaji, si hisia. "Anajieleza vizuri", "atatoshea" na "ana adabu" hayakubaliki kama sababu, isipokuwa yameandikwa kwenye vigezo.

Kabla ya hapo, mtu asiye kwenye jopo anaondoa kwenye wasifu jina, picha, dini, hali ya ndoa na kaunti ya nyumbani, na kumpa kila mwombaji namba. Hapa ndipo mambo huvuja: jina la shule ya msingi linataja lokesheni, barua ya chifu imegongwa muhuri, mdhamini ana jina la ukoo. Vyote vifungwe kwenye bahasha hadi mwisho. Lafudhi huwezi kuificha kwenye usaili wa ana kwa ana, kwa hiyo tanguliza jaribio la kazi la dakika 20 la kuandika, lisahihishwe kwa namba. Kwa kaunti na ofisi za umma hesabu ya mwisho ni ya kisheria: Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Sheria hizo hazimuulizi mtu moyoni ana nini.

Ukiamua kutumia kipimo kazini hata hivyo, matokeo yabaki kwenye simu ya mwenyewe. Usiwaombe watu wainue mikono, wala wapige picha skrini. Asili ya kabila, imani na mengineyo ya namna hiyo ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na bosi aliyeona alama ya mtu hawezi kuisahau. Aliyekifanyia saiba afunge ukurasa kabla ya kuinuka.

Kwa darasa zima kuna njia isiyomwaibisha mtu na isiyohitaji intaneti wala Kiingereza: jozi ya maua na wadudu, ambayo ndiyo iliyotumika kwenye jaribio la mwanzo la 1998, kwa karatasi. Andika maneno 20 katikati ya ukurasa yakishuka, yakichanganywa: waridi, alizeti, asumini, mende, kunguni, mbu, furaha, amani, zawadi, uvundo, maumivu, uozo, na mengine ya kukamilisha. Karatasi A inaweka maua na mazuri kushoto, wadudu na mabaya kulia. Karatasi B inaweka wadudu na mazuri kushoto, maua na mabaya kulia. Kila karatasi sekunde 20, mtu anatia alama upande ufaao bila kuruka neno, kisha anahesabu aliyopata sawa na kulinganisha A na B. Nusu ya darasa waanze na B. Na kwenye orodha ya wadudu usiweke kumbikumbi: kuanzia Siaya hadi Bungoma hao ni kitoweo, na watakuharibia hesabu.